Shemeji Yangu wa Ofisi ya Kodi Hataki Kunijibu kwa Maandishi

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache ilivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nimeolewa, naishi mji wa Baraka, kando ya ziwa. Kazi yangu ni kuwashughulikia wafanyabiashara makaratasi yao ya kodi. Watu husema nina kichwa kigumu, na leo sitabisha.

Nina mteja, nimwite Mama Asha, mjane anayeuza ndakala, yaani dagaa wakavu, kwa jumla. Aliitwa kwenye ofisi moja ya kodi akaambiwa ana kodi za nyuma. Kodi gani? Za mwaka gani? Mmoja alisema ni za depo, ghala lake la samaki, mwingine akasema ni za biashara, wa tatu akasema faili liko Uvira. Mama Asha ana kitansi, yaani risiti, za kila alicholipa, amezifunga kwenye mfuko wa plastiki, na hakuna aliyetaka hata kuzitazama. Akanituma nimletee jibu moja tu: deni lipo au halipo?

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu. Afisa anayeshughulikia faili lile ni kijana anayemchumbia mdogo wangu, na mahari imeshaanza kutolewa. Badala ya kwenda ofisini kama ninavyofanya kwa wateja wote, nilingoja aje kwetu kula. Nikamuuliza huku namwekea bugali.

"Achana na ile maneno, shemeji," aliniambia. "Mi mwenyewe nitaimaliza."

Nikaamini. Nikamwambia Mama Asha deni halipo, aendelee na kazi. Akaenda Nundu, akanunua ndakala, akajaza depo. Wiki mbili baadaye watu wa kodi wakaja wakalifunga na kubandika mlangoni karatasi yenye muhuri. Samaki wamo ndani na mvua inanyesha. Wakipata unyevu wanaingia wadudu, na huo ndio mtaji wake wote.

Mama Asha hakunitukana. Alisema tu, "Mi nilikuuliza, deni iko ao haiko? We uliniambia haiko." Nililia njia nzima.

Kesho yake niliandika barua rasmi, nikaambatanisha kitansi zote, nikaenda ofisini kuomba nakala yangu ipigwe muhuri kwamba wameipokea. Shemeji akacheka.

"We na mi tunaandikiana barua, shemeji? Batu ba nyumba moja? Kuja nyumbani tuongee."

"Kule nyumbani uliniambia utaimaliza," nikamjibu mbele ya wenzake. "Leo nataka karatasi."

Akakataa. Nikakaa kwenye benchi lao siku tatu, naingia wakifungua, natoka wakifunga. Siku ya tatu mkubwa wake alichoka kunitazama, akapiga muhuri. Mpaka sasa hawajajibu, lakini hawawezi tena kusema sikuuliza.

Basi hapo moto ukawaka. Ukoo wa shemeji umetuma ujumbe kwamba nimemwaibisha kazini, na nisipoiondoa barua, uchumba umekufa. Jumamosi wanakuja kwetu nipige magoti mbele yao. Baba amenifokea: "Kodi ya mama wa inje njo inavunja ndoa ya mutoto yangu? Wende uondoe ile barua!"

Siiondoi. Kama deni lipo, waandike ni la nini na la mwaka gani, tutalilipa. Kama halipo, wafungue depo. Kumpigia mtu magoti kwa sababu nimemuuliza swali? Waje na ukoo mzima, hata waliokufa wafufuke, sipigi.

Ila jana mdogo wangu alikuja, akakaa kitandani kwangu, hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu mimi dada yake mkubwa, "Yaya, we uko na bwana na batoto. Mi je?"

Mimi ninayewadai watu majibu, sasa nadaiwa mimi. Kuhusu barua msinishauri, hiyo nimeshaamua. Nishaurini juu ya huyu mtoto wa mama yangu. Jumamosi ni keshokutwa. Nimwambie nini?