Kipara cha Mshauri wa Vita

Javan, mdogo wa marehemu mume wangu Otiende, ni kinyozi hapa mtaani Umoja. Zamani alikuwa mwanajeshi, akapelekwa ng'ambo ya mpaka, akarudi na mguu unaochechemea na mzaha mwingi kuliko alioondoka nao. Nalisema hili kwa fahari: katika ukoo wetu hakuna aliyekimbia kazi.

Duka lake lina televisheni, na ukutani sheria moja. Mteja akianza kupigia debe vita katika nchi ya watu, hunyolewa kipara kama kuruta siku ya kwanza kambini.

"Ukitaka kutuma watoto wa wenzako," Javan husema, "anza safari nao, angalau kwa nywele."

Jumamosi ambayo wakwe walikuja kumposa binti yangu Lorine, nilimwomba Javan jambo moja tu. "Shemeji, leo ufunge mapema, uvae koti, na usituaibishe."

"Mama Lorine, mimi leo ni malaika."

Wageni walifika bila msemaji wao. Huyo ni Wandera, baba mdogo wa kijana, mshauri wa mbunge mmoja wa kamati ya ulinzi. Walisema amepitia mahali kupunguza ndevu. Nikatazama mlango: Javan naye hakuwa amefika.

Mara Wandera akaingia, kichwa kinang'aa kama sufuria mpya. Nyuma yake Javan, koti mkononi, hathubutu kunitazama. Kwetu, na kwao pia, mtu hunyoa kipara anapofiwa. Kuja kuposa na kichwa cha matanga ni mkosi, na shangazi yao Nasambu alikuwa ameshashika mkoba ili aondoke.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, dada. Nilikuwa nikiwaeleza vijana wa pale kwamba tuvuke mpaka, tupige, turudi kabla ya Krismasi. Huyu bwana akanionyesha sheria yake. Nikamwambia anyoe tu, siogopi mashine."

"Na hao vijana?"

"Walipiga makofi. 'Niaje kuruta! Mzee, unatumwa lini?'"

Javan akanigeukia. "Shemeji, haki ya Mungu, sikujua ni mkwe."

Ningeweza kumkana pale pale, posa ya binti yangu ipone. Nikasimama.

"Bwana Wandera, huyu ni ndugu wa mume wangu. Alikwenda huko unakotaka wengine waende. Kama amekukosea, nyumba hii yote imekukosea, na mimi ndiye wa kuulizwa."

Wandera alijipapasa kichwa. Nasambu alimtazama, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikamtoka.

"Kumbe chini ya nywele kulikuwa na matuta kama viazi! Lete chai, mama, tuendelee."

Posa ikapokelewa. Harusi ni Desemba, na Javan amekatazwa kuja na mashine.

Jumatatu Wandera alikuwa na kikao cha kumhimiza mheshimiwa wake aunge mkono hoja ya kupeleka jeshi. Jioni alinipigia simu, akanisimulia huku akicheka. Mheshimiwa alipomwona mlangoni, aliinuka akampa mkono.

"Pole sana, Wandera. Umefiwa na nani?"

"Bado, mheshimiwa," alimjibu. "Ndiyo maana nataka tuizungumze upya ile hoja."