Kuku Aliyekaa Kwenye Draya

Wifi yangu akija na kuku wake Jumapili, mimi hukosa pa kuweka uso. Si kwamba kuku ni mbaya. Angekuwa mbaya ningelala usingizi mnono. Kuku yule ni mtamu, jamani, na hilo ndilo linaloniua. Wifi ni mpishi katika mkahawa wa Kitaliano, basi kuku wake anakuja kapakwa mafuta ya zeituni, limau na vitunguu saumu vimejaa tumboni, majani ya rozmari yananukia mpaka kwa jirani, na ngozi imekauka kau. Ukiiuma inalia. Na mama mkwe wangu, ambaye tangu augue namnywesha supu kwa kumbembeleza kijiko kwa kijiko, akisikia tu mfuko wa wifi mlangoni, anaomba sahani.

"Mwanangu, hii ngozi!" anasema huku akijilamba vidole. "Hii ngozi jamani!"

Mimi nakenua meno. Moyoni nawaka moto.

Na nina haki ya kuwaka. Mama yangu mzazi alifariki ningali mdogo. Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani anapita tu kama mgeni. Niliyeolewa naye hasa ni mama yake. Yeye ndiye aliyeniambia nigeuze sebule iwe saluni, na kutwa nzima anakaa pale kwenye kiti cha pembeni, anakunja mataulo, anapokea umbea wa wateja na kuutia chumvi. Wengine wanakuja kwa ajili yake, nywele ni kisingizio tu. Halafu mtu aje na kuku!

Jumapili moja wifi akavuka mpaka. Alikuwa anamfuta mama mdomo kwa kitambaa, akasema, "Mama, njoo uishi kwangu. Hapa huli. Kwangu utakula."

Hapa huli! Mbele yangu, kwenye meza yangu! Nikamgeukia mama nikitegemea atamkemea. Mama akaangalia sahani yake, kisha akasema, "Jumapili ijayo nitawajibu."

Wiki ile sikuwa mtu. Nilimvuta mteja mmoja nywele mpaka akaniuliza nani kaniudhi. Nikimwona mama anakunja taulo, najiuliza ni nani atakayekaa kwenye kile kiti akiondoka. Mwishowe nikasema, kama ugomvi ni ngozi, basi ngozi nitaipika. Nikampigia wifi simu kwa sauti ya asali.

"Wifi yangu, hebu nielekeze huyo kuku wako anakaukaje vile."

Akacheka. "Siri ni ukavu tu, wifi. Ngozi ikibaki na maji, huli kitu."

"Ukavu kivipi?"

"Ah, nipo kazini, tutaongea." Akakata. Umeona roho hiyo? Mtu anabania mpaka kuku.

Ukavu. Nikacheka peke yangu. Mtu anifundishe ukavu mimi, ninayekausha vichwa vya watu tangu asubuhi mpaka jioni?

Jumapili ikafika. Nikatoa masufuria ndani ya oveni, maana tangu ninunue lile jiko, oveni ilikuwa kabati. Nikamwosha kuku, nikamfuta kwa taulo safi, nikamweka kwenye sinia, sinia nikaiweka kwenye kiti cha draya la kukaushia nywele, juu ya mito. Nikamteremshia ile kofia kubwa, nikawasha. Mama alikuwa bafuni, kwa hiyo hakuona kitu. Lakini mwalimu wa chekechea, mteja wangu, akaingia bila hodi, akasimama mlangoni.

"Huyo naye kaja kuseti nywele?"

"Kaa hapo usubiri," nikamwambia. "Mwenzio kawahi."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini alisubiri. Na kuku alikauka, acha mchezo. Ngozi ilikuwa kama karatasi. Nikampaka mafuta ya zeituni, chumvi, limau, rozmari niliyoitafuta soko zima, nikamwingiza ovenini. Alipotoka alikuwa rangi ya dhahabu. Nikamgonga kwa ukucha, akalia ko! Nilicheza pale jikoni peke yangu, nikasema leo ni leo.

Wifi akaja na wake. Kuku wawili wakakaa mezani wanatazamana, na sisi wawili vilevile. Mama akanyoosha mkono, akachukua paja la wangu. Akauma. Ngozi ikalia kwachu! Wifi akatoa macho. Nusura nipige vigelegele.

Kisha mama akaacha kutafuna. Akainusa ile nyama.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "mbona huyu ana ladha ya mafuta ya nywele?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Draya lile, miaka yote limepuliza kila aina ya mafuta na manukato ya vichwani, na yote kuku wangu kayanywa. Wifi akavuta kipande, akanusa.

"Wifi, ulimkaushia wapi?"

Macho yangu yakakimbilia kule sebuleni, naye akayafuata mpaka kwenye kofia ya draya. Basi! Alicheka mpaka akashika ukuta. "Chumvi, wifi! Unamsugua chumvi, unamlaza kwenye friji bila kumfunika mpaka asubuhi!" Sasa ndio anasema! Ningekuwa na nguvu ningemrushia kuku mzima.

Lakini mama alikuwa ameendelea kula. Alimaliza paja, akachukua bawa. Alikula ngozi yote ile yenye harufu ya saluni, akafuta sahani kwa kidole. Kuku wa wifi hakuguswa. Kicheko cha wifi kikaisha kidogo kidogo, na mimi nikakaa vizuri kwenye kiti. Na wewe onja wivu, nikasema moyoni. Nilijua nimeshinda.

Mama akanawa mikono. "Nitakwenda na wifi yako," akaniambia.

"Mama! Si umemaliza wangu wote?"

"Nimemaliza. Hata ungempikia kwa sabuni ningemaliza." Akanishika mkono. "Baba yao alipofariki, nilibaki na mumeo. Huyu nikampeleka kwa shangazi yake, akiwa hajui hata kufunga viatu. Nikamwambia nitamfuata. Sikumfuata. Wewe umeingia humu mtu mzima, ukapata mama. Huyu nimemzaa mwenyewe, na kila Jumapili anakuja na kuku mkononi kama mtu anayeomba kazi."

Wifi aliinama, anachezea jani la rozmari. Kumbe muda wote niliokuwa namwonea kijicho, naye alikuwa ananionea mimi. Ningependa kusema nilimhurumia. Nilimhurumia, ndiyo, lakini kidogo tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaondoka na mama.

Nguo za mama nilizipanga mwenyewe begini, nikazipanga vibaya, nikazitoa, nikazipanga tena. Gari lilipokuja, mama akatangulia kuingia. Wifi akarudi mlangoni na begi mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, chai yake huwa anaweka sukari?"

Mtoto wa kumzaa, hajui chai ya mama yake. Nilitaka nimwambie nipo kazini, tutaongea. Nikamwambia hana haja ya sukari, tangawizi tu. Nikamwambia mguu wa kushoto auwekee mto, asimlaze karibu na dirisha, redio asiizime kabla ya taarifa ya habari. Wifi akawa anarudia kila neno ili asisahau.

Lakini kwamba mama hapati usingizi mpaka mtu amchane nywele, polepole, kuanzia utosini, hilo sikumwambia. Hilo ni langu.