Swali la Nne la Fomu ya Vifo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, na kabla ya saa nne vilikuwa vimenichubua visigino vyote viwili. Nilikuwa nimeajiriwa karani wa matangazo katika kituo kimoja cha redio katikati ya Nairobi, dawati la vifo. Vijana wa leo hucheka nikiwaambia kulikuwa na dawati la namna hiyo. Lilikuwapo, na foleni yake ilifika hadi mlangoni. Mtu akifariki mjini, ndugu zake walikuja kwetu, kwa sababu kule magharibi tulikotoka wengi wetu simu zilikuwa chache, na redio iliwafikia wazazi, wajomba na mashemeji kwa mpigo mmoja.

Msimamizi wa Matangazo alikuwa Bwana Athmani, mtu wa Mombasa, mpole wa sauti na mgumu wa mambo yote mengine. Alinipa fomu yenye maswali sita. La kwanza jina la marehemu, la pili kijiji chake, la tatu karatasi ya hospitali au barua ya chifu. La nne liliuliza: Uliona, au uliambiwa?

"Mwanangu," akaniambia, "hayo mengine yeyote aweza kuyajaza. Wewe umeajiriwa kwa ajili ya hili la nne. Akisema aliambiwa, muulize na nani. Huyo naye umtafute. Usichoke mpaka umfikie aliyeona kwa macho yake."

"Na nisipompata?"

"Basi hakuna tangazo. Pana uvumi, na uvumi sisi hatuusomi."

Kumtafuta huyo aliyeona tulikuita kupanda ngazi. Mara nyingi ngazi zenyewe zilikuwa za ile hospitali kubwa karibu na Upper Hill. Nilikwenda kwa miguu, nikauliza wodini, nikauliza chumba cha maiti, nikarudi kabla ya matangazo ya saa kumi na mbili. Nilikuwa mkali, sifichi. Watu wa foleni waliniita Mama Polisi nami nilijifanya sisikii.

Mwaka wangu wa tatu nilikosea. Alikuja mwanamume mmoja akilia. Mjomba wake, Enos Makokha, fundi wa mawe, alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya tatu kwenye mjengo huko Westlands. Mpwa huyo alikuwa na karatasi ya hospitali yenye jina na nambari ya kitambulisho. Nikamuuliza swali la nne.

"Niliambiwa na nyapara, dada. Kule kwa maiti mimi siwezi ingia. Nitaanguka."

Alilia mpaka foleni ikaanza kunitazama vibaya, na mama mmoja nyuma yake akaniuliza kama nimezaliwa na mtu au na jiwe. Moyo ukanishinda. Nikaandika "Aliona". Jioni tangazo likasomwa.

Karatasi ile haikuwa ya kughushi. Mpwa yule hakuwa mwongo, na machozi yake yalitoka moyoni. Lakini aliyekufa alikuwa mtu mwingine. Makokha alikuwa amemwazima mwenzake koti asubuhi ile, kitambulisho kikiwa mfukoni, yeye mwenyewe akaenda Thika kuangalia kazi nyingine, na kutoka huko akapitiliza kwao. Nyapara alisoma kitambulisho, hospitali ikasoma kitambulisho, mpwa akamsikiliza nyapara, nami nikamsikiliza mpwa. Kati yetu sote hakuna aliyemtazama marehemu usoni.

Wiki haikuisha kabla mtu mrefu hajasimama mbele ya dirisha langu, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi.

"Nimekuja kuona mtu aliniua," akasema.

Nilijua mara moja ni nani.

"Nimefika nyumbani nikapata kaburi yangu imechimbwa. Imechimbwa vizuri, sina neno na hiyo. Lakini wewe ni mtu wa kwetu, unajua kaburi ikishachimbwa haiwezi achwa bila kuzikwa kitu. Wazee wakakata mgomba, wakauvalisha shati yangu, wakauzika. Mama yangu amekaa hapo chini analilia mgomba, na mimi nimesimama nyuma yake. Namwambia, mama, ni mimi. Ananishika-shika mkono tu. Mpaka leo haamini."

Nililia mbele ya watu wote, na wakati huo hakuna aliyeniita Mama Polisi.

Bwana Athmani hakunifukuza. Aliamuru masahihisho yasomwe saa ileile kwa siku saba, yakisema wazi kwamba kosa ni letu. Kisha akanituma nikawatafute watu wa yule aliyekufa ndani ya koti. Nilipanda ngazi siku tatu. Nilimkuta mkewe mtaani Kangemi, katika chumba kimoja nyuma ya soko. Kila siku alikuwa akimpikia mumewe na kumfunikia sahani, akidhani amekwama kwenye kazi ya mbali. Nimeishi na kosa la Makokha bila shida kubwa kwa sababu aliyekosewa alirudi akanigombeza. Ile sahani bado inanichoma.

Mtu asikudanganye kwamba masahihisho hufuta kosa. Miaka mingi baadaye, Makokha akiingia soko la kwao, kulikuwa na muuza mboga aliyeacha mboga zake na kukimbia. Alisikia tangazo la kifo, lile la pili hakulisikia, na hakutaka kuelezwa.

Baada ya mwezi mmoja Makokha alirudi dirishani. Nilidhani amekuja kunisamehe. Hakuja kwa hilo.

"Karani, sikia," akasema. "Siku nitakufa kweli, wewe ndio utatangaza. Na uje unione kwanza. Usiambiwe."

Niliahidi. Baadaye tulizoeana, akanijengea ukuta wa nyumba yangu Kangemi, na kila tulipokutana alinyoosha mkono akisema, "Shika, uhakikishe."

Niliendelea kupanda cheo. Nilikuwa Karani Mkuu Bwana Athmani alipostaafu, halafu Naibu Msimamizi chini ya Mkuu wa Vipindi, bibi aliyependa kazi safi na chai isiyo na sukari. Bosi wangu wa mwisho alikuwa Meneja wa Mitandao, kijana mwenye adabu zake. Huyo ndiye aliyeliondoa swali la nne.

"Mama, hii swali inachelewesha," aliniambia. "Tukingoja, watu watakuwa wameshaisoma kwa simu."

"Basi waisome kwa simu," nikamwambia. "Wakikuta ni uongo, wasitukute sisi."

Alicheka, nami nikacheka, na swali likaondoka. Mwaka uliofuata nilistaafu. Nilipewa saa ya ukutani, na mwenyewe nikajichukulia fomu moja ya zamani.

Mwaka huu Makokha alilazwa katika hospitali ileile. Jumanne moja ikaingia picha ya mshumaa kwenye kikundi cha simu cha watu wa kwetu: Mzee Enos ametuacha. Binti yangu Nekesa akaniletea simu jikoni.

"Mama, kila mtu ameandika pole. Umebaki wewe."

"Nani amemwona?"

"Mama, si ni fowadi tu. Imetoka kwa grupu ingine."

Nikampigia aliyeituma. Alikuwa ameambiwa na shemeji. Shemeji aliambiwa na jirani. Jirani alipita wodini akakuta kitanda kitupu. Nilivaa viatu nikaenda, na kwa umri wangu zile ngazi zilinitoa jasho. Kitanda kilikuwa kitupu kwa sababu mgonjwa alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya kifua. Nilimngoja. Aliporudishwa, akaniona, akatoa mkono kwenye blanketi.

"Wameniua tena?" akauliza. "Shika, uhakikishe."

Nilishika. Ulikuwa mwepesi sana, na nilijua safari ijayo sitamkuta hivi.

Vijana huniuliza siku hizi watajuaje habari ya kweli. Hunionyesha picha, mihuri, sauti za watu wanaolia. Nawaambia nimewahi kuviona vyote hivyo mezani pangu, vyote safi, na mtu alikuwa hai akinywa chai Thika. Waulize swali moja tu, na wawe tayari kwenda kwa miguu.

Jumamosi mwanawe wa kwanza, Wafula, alinipigia. Hakusema zaidi ya, "Mama, kuja." Nilikwenda. Walinifunulia shuka nikamtazama usoni, nikamshika mkono kama alivyotaka, na safari hii haukushika wangu. Nilikaa naye kidogo. Nilimlilia sana, sioni haya kusema.

Nilipotoka, Wafula alikuwa kwenye korido na simu sikioni. Wazee walikuwa kwenye laini kutoka nyumbani. Majembe yalikuwa yamesimamishwa ukutani tangu asubuhi, na hakuna aliyekubali kuyagusa.

"Wanauliza kama umeona," akaniambia, akanipa simu.

"Nimemwona mwenyewe," nikasema. "Chimbeni."