Wali Uliofunikwa Nailoni

Mwanangu alirudi kutoka shule ya awali na nusu ya andazi mkononi, na juu ya andazi kulikuwa na swali la mtihani. Sitanii. Walikuwa wamelifunga likiwa la moto kwenye karatasi ya mtihani wa zamani, mafuta yakanyonya wino, maandishi yakahamia kwenye andazi yakiwa yamegeuka kinyume. Nikaenda nalo kwenye kioo cha kabati nikasoma: taja sehemu za ua. Majibu mwanangu alikuwa ameshayala.

Kesho yake nikaenda shuleni, na sikwenda kusalimia. Shule ipo hapahapa Tangini, nyuma ya nyumba tunayopanga. Nilipofika jikoni nikasahau habari ya andazi, maana nilichokikuta kilikuwa kibaya zaidi. Mpishi wa shule, mama mtu mzima ambaye wote tunamwita Bibi, alikuwa anaivisha wali. Alichukua nailoni, akaitandaza juu ya wali unaotokota, akaibana na mfuniko ili mvuke usitoke. Alipofunua baadaye nailoni ilikuwa imesinyaa na kujikunja kama utando wa maziwa, pembeni imeng'ang'ania punje za wali. Akaibandua, akapakua. Na anapakua kwenye nini? Kwenye vimfuko laini, kila mtoto na kimfuko chake, kwa sababu sahani za shule zilikuwa zinapotea. Wali unafuka moshi, kimfuko kinalegea mkononi mwa mtoto wa miaka minne.

Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza nailoni ya nini.

"Ya kuzuia mvuke, mwanangu. Kwani wewe kwako wali unaufunika na nini, blanketi?"

Wasichana wanaomsaidia wakacheka. Nikamwambia hiyo ni sumu. Akanitazama kwa upole kabisa, ule upole wa kumtazama mgonjwa.

"Tumekula hivi miaka yote. Umeona nani kafa?"

Hakuna sentensi ninayoichukia katika Kiswahili chote kama hiyo. Kama kipimo cha chakula ni nani kafa, basi tuwape watoto misumari ya kuchemsha, tuhesabu watakaobaki. Mimi si mkemia. Niliishia kidato cha nne, na alama yangu ya kemia siitaji. Lakini pua ninayo. Wali ule ulikuwa unanuka ndoo mpya, na mpunga hautoki shambani na harufu ya ndoo.

Mwalimu mkuu alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake, maana yake nisikae. Akasema wazazi ni hodari wa kulalamika, kuleta mbadala hawajui. "Tuletee mbadala, mama." Alisema akijua sitaleta. Nikatoka pale nimekasirika hadi nikapitiliza nyumbani kwangu.

Mbadala niliutafuta na shoga yangu mwenye kibanda cha chipsi Maili Moja. Yeye naye alikuwa amechoka na vile vimfuko. Chipsi zinatoka kwenye mafuta ya moto zinaingia moja kwa moja humo, na mfuko unabadilika sura mteja anaona, halafu anakula. Mifuko ilipigwa marufuku tukashangilia, ikarudi kwa mlango wa nyuma, imekuwa miembamba zaidi, na kila mtu anajifanya haioni. Tukaamua tutatengeneza sahani za majani ya mgomba. Kila mtu alitucheka. Baba wa mtoto alinishauri nipumzike kidogo, nikamshauri na yeye anyamaze kidogo.

Aliyetufundisha ni shangazi yangu wa Kisarawe. Nyumba yake iko ndani ndani huko, mbele mikorosho, nyuma bonde la migomba. Anaimba kwaya ya kanisa, na kazi zote anafanya akiimba sauti ya pili. Alituonyesha kubabua: unalipitisha jani juu ya moto, huliunguzi, unalipitisha tu, mpaka ile rangi butu inageuka na kung'aa, na jani linakuwa laini kama kanga iliyofuliwa sana. Jani bichi ukilikunja linapasuka. Lililobabuliwa unalikunja utakavyo. Tukawa tunapanga mawili mawili, yapishane mishipa, tunayabana kwa pasi ya mkaa, tunashona ukingo kwa njiti za ufagio wa chelewa.

Za kwanza zilivuja. Za pili ziliota ukungu. Za tatu shoga yangu alizipeleka kibandani, mteja mmoja akaigeuzageuza sahani akauliza, "Dada, nikimaliza chipsi, hii nampa mbuzi au namalizia mwenyewe?" Mwingine akauliza kama kuna msiba. Lakini walikula, na kachumbari haikumwagika, na siku ya tatu yule wa mbuzi alirudi akaomba "ile ya mbuzi".

Tukaenda hata kwenye mafunzo ya vijana wabunifu. Ndiko nilikojulia kwamba kumbe sisi ni stataapu, yaani biashara changa ya ubunifu. Kijana wa pale aliniuliza mtaalamu wetu wa teknolojia ni nani, nikamwambia shangazi. Akaniambia nisianze na habari ya mtoto wangu, nianze na soko, mtoto ni hisia. Mtoto ni hisia! Mchana wakatugawia pilau la moto kwenye maboksi ya povu, yale meupe ambayo ukikwaruza na kijiko yanatoa unga. Nikakila chakula chao kwa sababu nilikuwa na njaa, na hadi leo nina hasira na ile njaa.

Hata hivyo mwalimu mkuu alikubali. Sijui ni sahani zetu zilizompendeza au alichoka kuniona. Tukapatana hivi: siku ya wazazi, watoto wote watakula kwenye sahani zetu mbele ya wazazi. Zikifaa, vimfuko basi, na nailoni ya Bibi basi. Zisipofaa, nisimsumbue tena. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na mimi sikuwa nawaza kampuni wala soko. Nilikuwa nawaza sahani moja, ya mwanangu.

Majani ya siku ile shangazi aliyakata na kuyababua mwenyewe, akayatuma kwa bodaboda. Mzigo ulifika siku moja kabla, mchana, umevishwa kanga kama zawadi ya harusi. Nikafungua kanga. Ndani ya kanga kulikuwa na mfuko, na juu ya mfuko kulikuwa na picha ya mtu aliyevaa barakoa na glovu. Mfuko wa salfa. Ile dawa ya unga wanayopulizia mikorosho.

Niliukung'uta. Kwenye mishono kulikuwa na njano. Jani la juu nilipolipitisha kidole, kidole kikanuka kiberiti.

Nikampigia. Hakuelewa ninacholilia. Mfuko ameufua mwenyewe, alisema, kwa sabuni ya unga, ameuanika jua kali, ndio mfuko wake mzuri kuliko yote, hautoboki, hauingizi upepo, majani yasingenyauka njiani. Alikuwa ameutunza kwa ajili yangu. Yeye mwenyewe huweka humo makopa ya muhogo.

"Makopa, shangazi? Mnayoyala?"

"Sasa makopa mengine ni yapi?"

Kule kwake kila nyumba iko hivyo. Mfuko wa salfa ni mali. Unafuliwa, unaanikiwa muhogo, unabebewa unga, unafunikiwa vifaranga mvua ikinyesha. Wanaowauzia salfa wanawaletea hadi kijijini, lakini sijaona aliyerudi kuchukua mfuko mtupu. Wameweka kapicha ka mtu mwenye barakoa, wakaona wamemaliza. Barakoa yenyewe shangazi ataitoa wapi? Nilimkaripia mtu asiyestahili kukaripiwa, na nilikuwa na watu wengi wa kuwakaripia ila namba zao sina.

Shoga yangu alikuwa amekaa kwenye kindoo, ananisubiri nimalize. Akasema taratibu, tuyaoshe. Tuyaoshe na maji ya limau, tuyafute, tuyapige pasi, hakuna atakayejua. Akasema nifikirie vizuri: tusipopeleka sahani, watoto hawa watakula kwenye nailoni mwaka mzima, na mwakani, na mwanangu akiwemo. Tukipeleka, wanakula salfa kidogo siku moja tu, halafu basi. "Wewe hesabu, ipi afadhali?"

Kilichoniudhi ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nikaisikia ile sentensi ya Bibi inakuja mdomoni kwangu, kwa sauti yangu mwenyewe. Nani atakufa kwa siku moja? Nikachukua majani yote nikayatumbukiza kwenye shimo la choo, kwa sababu hata mbuzi wa jirani nisingempa. Shoga yangu aliondoka na kindoo chake.

Siku ya wazazi nikaenda mikono mitupu. Sikusubiri kuitwa. Nikawaambia wazazi waliokuwa wamekaa kwenye turubai: sahani hazipo, zimeingia dawa ya mikorosho, nimezitupa. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba yeye aliacha biashara yake Maili Moja aje kuona majani. Wakacheka. Mwalimu mkuu alikuwa ameshatuma mtu dukani kununua vimfuko. Nikasema, kila mmoja wetu hapa ana bakuli nyumbani. Nani hana bakuli? Nyamazeni hivyo hivyo, halafu nendeni mkalete. Wengine walikaa, wengine waliondoka wakinung'unika, lakini walirudi na mabakuli, ya bati, ya udongo, moja limeandikwa Heri ya Kipaimara. Sahani zangu hakuna aliyezitaja tena. Kama bakuli lilikuwa linatosha muda wote ule, basi stataapu yetu ilikuwa ya kazi gani? Sikuwa na nafasi ya kulijibu hilo. Nilikuwa nakimbilia jikoni.

Njiani nilikata jani moja la mgomba kwenye ua wa shule. Nikalibabua kwenye jiko la Bibi, nikampa nikamwambia wali ufunikwe na hili. Akalipokea. Akalitandaza vizuri juu ya wali, akaligandamiza kingo kwa vidole kama mtu aliyelizoea tangu utoto. Halafu juu ya jani akatandaza nailoni.

"Bibi."

"Jani lako si nimeliweka?"

"Na hiyo?"

"Hiyo ya mvuke."

Nikaingiza mkono nikaichomoa. Ilikuwa imeshaanza kusinyaa, ikanibabua vidole.

"Wali ukiwa mbichi utawajibu wewe hao wazazi," akasema.

"Nitawajibu."

Nikabana mfuniko, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, sikutoka mpaka ulipopakuliwa. Bibi alizunguka jiko lake akininunia, mimi nikamnunia.

Shoga yangu alirudi baada ya wiki. Shangazi sasa anatuma majani kwenye pakacha, yanafika yamenyauka ncha, tunazikata. Tunauza Maili Moja, kidogo kidogo. Mifuko ya salfa bado iko kule, na makopa bado yamo ndani yake, na nikienda Kisarawe ndilo jambo la kwanza tunalogombania, kabla hata sijakaa.

Lakini siku ile mwanangu alipewa wali kwenye bakuli lake la bati, chini ya turubai, mbele ya watu. Akatia kijiko, akatafuna, akakunja uso.

"Mama, wali una kiini."

Nikamwambia, "Tafuna."