Kiziwi Kimesimama

Usiku ule wa siku tuliyomzika Mwalimu Lameki nililala mapema, sweta mwilini, kwa sababu baridi ya milimani kwetu mwezi wa saba haina huruma, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia sifa. Kutwa nzima watu walisimama mmoja mmoja kando ya jeneza wakieleza jinsi mzee yule alivyowafundisha kusoma na kuandika. Mchungaji alisema bila yeye shule yetu isingekuwa shule. Na kabla ya hayo yote, gari lilipoingia uwanjani kutoka hospitali, kijana mmoja wa kamati ya mazishi alipaza sauti, "Maiti imefika! Sogeeni, maiti imefika!"

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ile ile, chumba kile kile alichofundishia yeye. Neno lile likaniganda kichwani. Imefika. Juzi tu, akiwa hai, wangesema mzee yule amefika.

Mama alikaa karibu yangu tangu asubuhi mpaka udongo wa mwisho. Hakulia. Tulirudi nyumbani, tukala viazi vya kuchemsha, tukalala.

Lakini siwezi kusimulia niliyoyaona bila kumtaja kwanza mdogo wangu, Baraka.

Homa ilimwondolea Baraka masikio kabla hajatamka hata neno "mama". Shule ya watoto wasiosikia ilikuwa mbali sana na kwetu, na mama hakukubali kumwacha mikononi mwa watu asiowajua. Basi akawa ananifuata mimi. Nilipoingia darasa la pili naye akaingia, akakaa nami dawati moja, akinakili yaliyo ubaoni kwa mwandiko uliowapita wote wenye masikio. Nyumbani tulizungumza kwa mikono, kwa ishara tulizozitunga wenyewe kati ya jiko na shamba la viazi. Shuleni aliangalia midomo ya watu, kwa utulivu, kama mtu anayetazama mvua dirishani.

Siku tuliyofundishwa nomino, Mwalimu Lameki aligawa ubao sehemu tatu, akaandika juu kwa herufi kubwa: WATU, VITU, MAHALI. Alitaja jina, nasi tukaenda kuligusa mahali pake. Mkulima, watu. Jembe, vitu. Sokoni, mahali. Tulifurahi sana, tuligombania kuitwa. Kisha macho yake yakamwangukia Baraka. Akamshika mkono wa sweta, akamtoa dawatini, akamleta mbele.

"Na huyu?"

"Watu!" tukasema.

"Hapana. Lisikilizeni jina lenyewe. Ki-ti. Ki-su. Ki-ziwi." Akamsimamisha chini ya neno VITU. "Kiti kimevunjika. Kisu kimepotea. Kiziwi je?"

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Kimesimama!"

"Wingi?"

"Viziwi vimesimama!"

Mwalimu alijua si kweli. Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyejua kwamba kiziwi amesimama, kama kipofu alivyosimama na kiongozi alivyosimama, kwa kuwa mtu ni mtu hata neno lake lianze vipi. Alijua, ndiyo maana alicheka mpaka akakohoa. Darasa zima likacheka naye. Baraka akatazama huku na huku, akaona meno kila upande, akacheka na yeye. Alicheka shingo ameinyoosha, kwa ule mlio wake wa bawaba isiyotiwa mafuta, akabaki pale chini ya VITU mpaka kengele ilipolia.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa anamenya viazi, na Baraka yuko mbele yake anamwonyesha kwa mikono jinsi watu walivyocheka, jinsi alivyoitwa mbele peke yake. Mama alinisikiliza mimi huku akimtazama yeye.

"Mwache," alisema. "Mtoto leo amefurahi. Akijua, atabaki na nini?"

Tangu hapo watoto wakawa wanamsalimu njiani, "Kiziwi kimekuja!" naye anawapungia mkono.

Mwaka uliofuata, lori la mbao lilirudi nyuma pale kwenye kiwanda cha mbao. Baraka alikuwa ameinama anaokota maranda ya kuwashia moto. Dereva alipiga honi. Watu walipiga kelele, waliita jina lake, waliita "wee! wee!" Mwalimu Lameki alikuja mazishini amevaa tai, akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole sana mama Baraka. Lakini Mungu amekupunguzia mzigo."

Huyo ndiye tuliyemzika, na hivyo ndivyo nilivyolala.

Nipo darasani kwangu. Ni asubuhi, ukungu umeingia kwa dirisha lisilo na kioo na kukaa katikati ya madawati, na watoto wangu wanaimba, "Nomino ni jina la mtu, la kitu, la mahali." Nawaambia watazame huku na huku, wanitajie wanachokiona. Wananitajia dirisha. Wananitajia ukungu. Mtoto mmoja ananyoosha kidole mlangoni, anasema, "Mwalimu."

Mwalimu Lameki ameingia. Amevaa suti tuliyomzikia, pamba iko puani, na mkononi ana ile fimbo yake ya mwanzi. Hakuna anayeogopa. Mimi mwenyewe naona ni jambo la kawaida kabisa, najisikia tu kama mtu aliyekutwa amekalia kiti cha mwenyewe. Ananiashiria nikakae. Nakwenda, nakaa, na miguu yangu haifiki chini. Nikigeuka, watoto wale si wangu tena. Ni wale niliosoma nao, kila mmoja na umri wake wa zamani, na sweta zao zilizotoboka viwiko.

"Shikamoo mwalimu!" tunasema wote.

Hajibu. Anatutazama midomo.

"Semeni kwa sauti," anasema.

"Shikamoo mwalimu!"

Anaweka kiganja nyuma ya sikio. "Nimesema kwa sauti!" Na fimbo inapiga meza, na yeye mwenyewe anaitazama ile fimbo kwa mshangao, anaipiga tena, anaipiga tena. Hapo najua, bila kuambiwa, kwamba huko alikotoka wamemnyang'anya masikio.

Ndipo ubavuni mwangu mtu anainuka. Ni Baraka, vile vile alivyokuwa, maranda yamemnasa kwenye nywele. Muda wote alikuwa amekaa nami na sikumwona. Anapita kati ya madawati, anachukua chaki, anafuta kazi yangu niliyoiandika, kisha anagawa ubao sehemu tatu. WATU. VITU. MAHALI. Mwandiko ni wake, ningeutambua popote.

Anamshika mzee mkono wa suti.

Mwalimu Lameki anaona maneno, anaelewa, anaelekea mwenyewe kwenye WATU, bila wasiwasi, kama mtu anayekwenda chumbani kwake. Baraka anamvuta. Mzee anasita. Baraka anamvuta tena, kwa upole, mpaka anamsimamisha chini ya VITU, anamnyoosha na kola. Kisha anatugeukia sisi, anafungua mdomo, na anasema.

"Maiti."

Sijawahi kumsikia mdogo wangu akisema. Nikakaa na mkono mdomoni.

"Maiti amefika au imefika?"

"Imefika!" darasa linajibu.

"Amesimama au imesimama?"

"Imesimama!"

"Wingi?"

"Maiti zimesimama!"

Madawati yanatetemeka. Nami napiga kelele pamoja nao, nimesimama juu ya dawati, na kooni ni tamu, tamu kama miwa, sijui kama nimewahi kupiga kelele tamu vile. Mwalimu Lameki anatazama huku na huku. Anaona meno kila upande. Midomo yake inaanza kujaribu tabasamu, kwanza upande mmoja, halafu wote. Kisha anacheka. Anacheka kwa bidii, kama mgeni karamuni anayeogopa kubaki nje ya mzaha, mpaka pamba ya pua moja inadondoka kwenye tai.

"Tena," anasema Baraka.

Tukasema tena. Na tena. Machozi yanamtoka mzee na bado anacheka, anatutazama mmoja mmoja, anamtafuta atakayemweleza kinachochekesha. Macho yake yanafika kwangu. Nilitaka Baraka aache. Nilitaka pia asiache kamwe. Vyote viwili nilivitaka kwa moyo mmoja, na sikuona aibu.

Kisha hakuna darasa. Ni uwanja wa kiwanda cha mbao, harufu ya msonobari mbichi, na mzee bado amesimama vile vile, mikono ubavuni, kama mtu aliyeambiwa asiondoke. Nyuma yake lori linarudi polepole. Honi inalia. Sasa wote tunapiga kelele, si zile za tamu, tunaita "Mwalimu! Mwalimu, ondoka!" na kadiri tunavyoita ndivyo naye anavyofurahi. Anadhani bado tunacheza. Anatupungia mkono.

Namgeukia Baraka. "Mvute! Uko karibu, mvute!"

Baraka ameingiza mikono ndani ya mikono ya sweta, anavyofanya akisikia baridi. Halitazami lori. Ananitazama mimi.

"Dada, mwambie mama kwamba nilijua."

"Ulijua nini? Baraka, mvute kwanza!"

"Siku ile. Niliwasoma midomo. Nilicheka nipate kitu cha kumpelekea mama nyumbani."

Nyuma yake nikasikia mbao za lori zikiporomoka.

Nilipofumbua macho palikuwa pameshapambazuka. Mama alikuwa jikoni, anakoroga uji wa ulezi, shuka amejifunga mabegani. Nikamwendea miguu pekupeku, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote tangu mwanzo, na meno yakigongana kama vile natoka mtoni. Hakuacha kukoroga. Nilipofika kwenye lori ndipo aliponitazama.

"Likamgonga?"

"Sikuona, mama. Niligeuka."

"Ungetazama."

Alisema hivyo hivyo, bila hasira, kama anayeniambia ningeongeza chumvi. Nikaogopa kuendelea. Lakini ujumbe si wangu, na wa maiti haulazwi, kwa hiyo nikaufikisha, neno kwa neno, kama nilivyoupokea. Kwamba alijua. Kwamba alicheka apate kitu cha kumpelekea.

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Uji ukatoa povu, ukapanda, ukamwagika kwenye mkaa, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nilimwona mama akitafuna kitu ambacho hakikuwemo mdomoni. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa kumshika.

"Umesema alisema," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa mdomo? Si kwa mikono?"

"Kwa mdomo."

Akasogea, akachuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa karibu kabisa na wangu. Sijawahi kumwona na uso ule, wala siombi kuuona tena. Ulikuwa uso wa mwenye njaa.

"Sauti yake ikoje?"

Nikafungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamepangana kichwani kama yameandikwa na chaki. Nikatafuta mlio wake. Hapakuwa na kitu. Nikajaribu "dada", alivyoitamka, nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Ni nyembamba? Nzito? Imefanana na ya baba yako?"

"Mama, sikumbuki."

 Akasimama, akaipua sufuria, akanishika mkono wa sweta na kuniinua kwenye kigoda.

"Rudi ukalale."

"Mama, kumekucha. Watoto wananisubiri shuleni."

"Wasubiri. Rudi ukalale, Atu, na safari hii usikilize."

Akanipeleka mpaka chumbani, akanilaza, akanifunika blanketi mpaka kidevuni. Nje nilisikia wanafunzi wangu wakipita njiani wakikimbia. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja chake chenye jivu juu ya macho yangu, akakikandamiza, akangoja.