Sauti ya Hooyo Kwenye Diski

Mimi ni fundi wa kompyuta Garissa, na kwa miaka nimewaambia wateja maneno yale yale: acha presha, faili uliyoifuta haijaenda popote. Kwa diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka, ni kweli. Mfumo unafuta jina tu, na vilivyomo vinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Dada yangu mkubwa alinisikia nikijigamba hivyo kila nilipokwenda nyumbani Eldas.

Hooyo, mama yetu, alikufa huko Eldas. Nilikuwa nimemrekodi akiwataja ngamia wake mmoja mmoja, na akinigombeza kwamba sioi. Simu niliyomrekodia iliibwa, kwa hiyo sauti yake ilibaki kwenye laptop yangu tu. Fundi mzima, hana nakala ya pili. Cheka ukitaka.

Baada ya mazishi dada alitaka Kurani isikike nyumbani bila kukatika mpaka matanga yaishe. Jirani akaleta Kurani nzima kwenye flashi, nafasi kwenye laptop yangu ikakosekana. Dada akafuta folda ya hooyo, akamwaga na pipa la taka, maana kaka yake si yupo, atairudisha. Laptop ikachomekwa kwenye sola, ikasoma usiku na mchana. Mimi nilikuwa nje napokea wageni. Niliisikia, nikaona ni vizuri.

Kurani ilichukua sehemu ndogo tu ya nafasi ile. Ingekuwa diski ya zamani, ningeokoa rekodi zilizobaki. Lakini hii ni SSD, haina kinachozunguka. Humo mfumo hauishii kufuta jina. Unaiambia diski kwamba sehemu fulani hazihitajiki tena, na diski inazisafisha yenyewe. Mifumo mingine hutuma amri hiyo papo hapo. Wangu huikusanya na kuituma mara moja kwa wiki, mashine ikiwa imewashwa. Zamu ikaangukia katikati ya matanga. Kama ingekuwa imezimwa, ningempata.

Wageni walipoondoka dada akaniambia alichofanya, bila wasiwasi wowote. Nikafungua programu ya kuokoa faili. Ikaleta sifuri, sifuri, sifuri mpaka mwisho. Nilidhani nitalia au nitamfokea, maana hasira ninazo, kila mtu nyumbani anajua. Wapi. Nilikuwa na ganzi tu. Nikanywa chai iliyokwisha kupoa.

Dada akaja akasimama mlangoni.

“Walaal, ndugu yangu, umempata?”

Hakusema faili. Nilimtazama macho yake yaliyovimba.

“Diski imekufa, abaayo,” nikamwambia. “Ilikuwa mbovu tangu zamani. Hata usingeigusa, ingekufa tu.”

Akasema alhamdulillahi, akarudi jikoni.

Diski haijafa. Ndiyo hii ninayoandikia, na Kurani bado imo.