Kamera Mbili, Macho Yale Yale

Watu wa Kasese hawapendi macho yao. Nalisema hili bila kumtukana mtu, maana nimewapiga picha kwa zaidi ya miaka kumi, na mimi mwenyewe ni wa hapa hapa, magharibi mwa Uganda. Jua letu ni kali, vumbi haliishi, jikoni tunapikia kuni, na mtu akifika umri wangu weupe wa jicho umeshaingia rangi ya chai ya maziwa. Basi mteja akiiona picha yake kwenye kompyuta yangu hatazami suti wala tabasamu. Anaweka kidole kwenye jicho na kusema, "Hapa unisafishie." Namsafishia. Ni kazi ya dakika moja: nalizungushia jicho mstari, nafuta manjano, naongeza mwanga kidogo, basi. Nimefanya hivyo mara nyingi mno, hata ikawa mkono unafanya na kichwa hakina habari.

Kwa miaka mingi kazi hii niliifanya kwa kamera ndogo ya mfukoni, ya rangi ya fedha, ile ya kubonyeza tu. Nilipanda nayo hadi Nyakalengija kuwapiga picha wapagazi kabla hawajabeba mizigo ya wageni kwenda mlimani. Iliniponyoka ikaanguka kwenye tope, nikaifuta kwa shati, ikaendelea. Lakini nilikuwa naionea aibu. Ukifika kwenye sherehe na kitu kama kile, watu wanakuuliza mpiga picha atafika saa ngapi. Nikajinyima mpaka nikanunua kamera kubwa, zile za kisasa ambazo hazina kile kioo cha ndani kinachoruka kila ukipiga. Siku ya kwanza niliibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Mchana kutwa nilizilinganisha. Nilipiga mlango wa duka la jirani kwa zote mbili, nikapiga mbuzi, nikapiga mkono wangu mwenyewe. Kubwa ilihesabu vinyweleo. Kivulini, ambako ndogo ilinitolea tope tupu, kubwa ilinitolea uso wa mtu. Ndogo ilipenda kufikiri kwanza, na ilipomaliza kufikiri mtu alikuwa ameshafumba macho. Ubaya wa kubwa ulikuwa mmoja: ilionekana. Safari yangu ya kwanza nayo Bwera, mpakani na Kongo, askari alinisimamisha. "Wewe! Hiyo iko nini? Fungua mufuko! Iko mutu ya magazeti?" Nikamwambia afande, mimi ni wa harusi tu. Na ile ndogo nilikuwa nimepita nayo pale miaka yote bila hata kusalimiwa. Nilikasirika, lakini nikiri kwamba nilifurahi pia. Niliona sasa nimekuwa mtu.

Ile ndogo nilimpa dada yangu mkubwa. Aliishi Bwera, akiuza sokoni samaki wakavu wa kutoka Hamukungu, na kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa Wakongomani, Kiswahili chake kilikuwa kimehamia ng'ambo. Tuna lugha yetu, Lhukonzo, lakini akitaka kunitania au kunikaripia alinijia na Kiswahili hicho cha sokoni, na mimi nilimwita yaya, kama watu wa ng'ambo wanavyomwita dada mkubwa. Wazazi wetu walipokufa mimi nilikuwa mdogo. Yeye ndiye aliyenilea, na ada yangu ya shule ilinuka samaki. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na sikumwambia hata siku moja.

Nilimfundisha kamera ile kwenye meza yake ya samaki. Nilimwekea tarehe itokee pembeni ya kila picha, nikamwonyesha jinsi ya kunyoosha mkono na kujipiga mwenyewe. Aliifunga kwenye pindo la kitenge chake pamoja na funguo. Akawa anawapiga wanawake wenzake wa soko, wanawake wa kanisa, rundo la samaki likimpendeza. Picha zake zilikuwa zimepinda zote, na nilimcheka kwa hilo.

Halafu binti yake akaolewa. Mume wa yaya alikuwa ameshafariki, lakini kwetu binti hutolewa nyumbani kwa baba zake, kwa hiyo sherehe ya kumtoa ilifanyika Munkunyu. Yaya alivaa gomesi nyeupe, lile vazi letu refu la sherehe. Mimi nilikuwa mjomba na mpiga picha kwa wakati mmoja, nikikimbia huku na huku na ile kubwa shingoni. Kamera ndogo aliishika mama mmoja wa kanisa, akimpiga yaya mle mle nilimompiga mimi, chini ya hema lile lile.

Desturi yetu wapiga picha wa huku ni kuuza picha kabla sherehe haijaisha. Watu wakiwa wanakula, mimi niko nyuma ya nyumba na kompyuta na printa, jenereta inanguruma, natoa picha moja baada ya nyingine. Wakimaliza kunawa mikono wanakuta nyuso zao zimetandazwa kwenye turubai, kila mtu anainama kujitafuta. Hapo hakuna nafasi ya kutazama mtu. Unaona jicho, unasafisha, unatoa. Jicho, unasafisha, unatoa. Uso wa dada yangu ulipita mikononi mwangu hivyo hivyo, kati ya uso wa mchungaji na uso wa shangazi mmoja wa bwana harusi.

Wiki mbili baadaye alikuja Kasese. Hakuwa mtu wa kuacha soko siku ya soko, na siku hiyo ilikuwa ya soko. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akafungua pindo la kitenge, akatoa ile kamera ndogo na picha niliyompa kule Munkunyu, akaviweka mbele yangu.

"Mudogo wangu, wewe njo fundi," alisema. "Angalia. Ile kubwa yako inanitoa macho mweupe. Hii kadogo inanitoa macho ya manjano. Gani njo inasema kweli?"

Nilitazama kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Ni kweli, macho yalikuwa ya manjano. Nikacheka.

"Yaya, hiyo kamera imezeeka. Haijui rangi tena. Halafu wewe na huo moshi wa samaki wako, unataka macho ya malaika?"

"Bantu ba soko nabo banasema."

"Watu wa soko ni madaktari?"

Hakucheka. Nikavuta kompyuta, nikaifungua picha ya kamera kubwa, nikaikuza mpaka jicho lake likajaa kioo kizima. Jeupe, safi. Nikamwonyesha ukope mmoja mmoja. Nikamwambia bei ya lenzi ile. Nikamwambia kamera hii haikosei, ukiona nyeupe ni nyeupe. Sikumdanganya kwa makusudi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba weupe ule niliupaka mimi.

Alilitazama jicho lile kwa muda mrefu. Kisha akashusha pumzi. "Aksanti," akasema. "Nilikuwa naogopa." Nikamtolea picha ile ile kwa ukubwa zaidi, nikaitia kwenye fremu, zawadi, nikampeleka stendi. Njiani alinisema kwamba nimekonda na kwamba mke wangu ananipikia maji.

Baada ya hapo nilikuwa na harusi kila Jumamosi. Tulizungumza kwa simu. Alisema tumbo linamsumbua, chakula hakipiti, nikamwambia anunue dawa ya minyoo. Mwezi wa nne tangu sherehe, binti yake alinipigia akilia, nikaenda. Nilimkuta yaya amekaa kitandani na gauni ambalo zamani lilimbana, sasa linamzunguka. Macho yake hayakuhitaji kamera yoyote.

Tukampeleka hospitali. Daktari aliyemwona hakuwa mtu wa kwetu, na yaya hakujua Kiingereza, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, kila mmoja chake. Mimi nilisimama miguuni mwa kitanda. Daktari alimgusa chini ya mbavu, akamvuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole, akauliza taratibu, "Mama, hii macho ilianza kuwa manjano lini?"

Yaya alinitazama. Nilidhani atasema. Nilijiandaa kusikia.

"Sijue, daktari," akajibu. "Sikuangalia. Kwetu kioo iko kadogo."

Ningeweza kusema mimi. Nilikuwa na mdomo, na tarehe ya sherehe nilikuwa naijua kwa moyo. Daktari aliandika, kisha akanitoa nje akanieleza kuhusu ini na njia ya nyongo, kwamba kitu kimeota pale na kimeshasambaa. Nilimuuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje. Alisema mapema wakati mwingine wanajaribu. Hakuahidi kitu, na wala simzidishii maneno.

Siku iliyofuata nilirudi Kasese kuchukua nguo, nikajikuta nimeketi mbele ya kompyuta. Huwa sifuti picha mbichi, zile zilizotoka kwenye kamera kabla sijazigusa. Niliitafuta ya Munkunyu nikaifungua. Hema, viti, gomesi. Nikakuza jicho. Manjano. Ile ile ya kamera ndogo. Kamera zangu mbili, ya bei ya pikipiki na ya bei ya kuku wachache, zilikuwa zimesema neno moja tangu mwanzo.

Na kitu kingine nilikiona hapo, ambacho mpiga picha wa wiki moja angekiona. Kamera ikikosea rangi, inakosea zote. Kama ile ndogo ingekuwa imetia manjano ya uongo, gomesi ingekuwa ya manjano, sahani zingekuwa za manjano, meno yake pia. Gomesi ilikuwa nyeupe pepepe. Nilikuwa nimekishika kioo kile mkononi, nikaangalia macho ya manjano juu ya nguo nyeupe, nikacheka. Nililia pale dukani mchana kweupe, na mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akarudi nyuma polepole na kuufunga mlango.

Yaya aliishi wiki sita baada ya hapo. Nilikaa naye siku nyingi kuliko nilivyokuwa nimekaa naye miaka kumi iliyotangulia. Kila siku niliamka nikisema leo nitamwambia. Aliniomba nimsomee, nikamsomea. Aliniomba nimnunulie soda, nikanunua, akanywa funda moja. Sikumwambia. Siku moja alinishika mkono akasema, "Wewe uko na kazi nyingi, rudia kazi yako," na mimi, mwoga nilivyo, nilishukuru kupata sababu ya kutoka chumbani.

Tulimzika Munkunyu, kwenye ua ule ule wa sherehe. Hema zilisimamishwa palepale. Binti yake aliniomba picha ya kuweka juu ya jeneza, nami nikatoa mbili: ile iliyosafishwa na ile mbichi. Nilitaka hiyo mbichi. Niliona angalau siku hiyo dada yangu aonekane alivyokuwa, na aibu iwe yangu. Mpwa wangu alizitazama zote mbili akanirudishia moja.

"Mjomba, hii hapana," alisema. "Weka ya macho meupe. Mama alikuwa anaipenda, aliitundika karibu na dirisha."

Nikaiweka. Watu walipita kuaga mmoja mmoja, na wengi walisimama mbele ya fremu ile. Nilisikia mwanamke wa soko akimwambia mwenzake, "Angalia vile alikuwa muzima." Mchungaji alinipongeza kwa picha nzuri. Nilisema ahsante.

Mpwa wangu alinipa ile kamera ndogo siku tulipofungua nyumba ya Bwera kugawa vitu. Alisema ni yako, ichukue. Betri ilikuwa imekwisha. Nilikuja nayo Kasese, nikaichaji, nikaiwasha nikitegemea kuona samaki na wanawake wa kanisa waliopinda.

Walikuwepo. Lakini baada yao zilikuja picha kumi na saba za yaya peke yake. Alikuwa amejipiga mwenyewe, mkono umenyooshwa kama nilivyomfundisha, karibu na dirisha la chumba chake. Katika kila moja amevuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole, vile vile daktari alivyokuja kufanya baadaye. Na ukutani, kando ya uso wake, imo fremu yangu na macho yake meupe. Alikuwa anajipima na picha yangu. Nilibonyeza kwenda mbele, uso ukakonda, macho yakaiva, na fremu ikabaki vile vile. Tarehe zilikuwepo pembeni, kwa rangi ya chungwa. Ya kwanza ilikuwa siku ya pili baada ya mimi kumpeleka stendi.

Kwa hiyo daktari alipouliza lini, yaya alijua siku yenyewe. Alinitazama, akasema hakuangalia.

Wiki baada ya wiki alisimama pale dirishani, akiwa na kamera ya mfukoni mkono mmoja na kazi ya kamera yangu kubwa ukutani, na nauli ya kuja Kasese haikumshinda. Hakuja kuniuliza tena. Alikuwa ameshaniuliza mara moja, nikacheka.